Mezani kwa Mwalimu, Kabwe: tulivyochagua kati ya BA (shahada ya sanaa) na BSc (shahada ya sayansi) ya saikolojia

Mwaka huu nimelipia ushauri wa kozi mara mbili kwa mtoto mmoja, ndani ya siku 9. Mara ya kwanza hela ilikwenda na maji. Mara ya pili nimeona lazima niiandikie, kwa sababu dirisha la udahili likishafunguliwa, wazazi wengi wa hapa Mbeya tunakimbilia steshenari yoyote yenye kompyuta, tunamwambia kijana wa kaunta "mjazie huyu chuo", halafu tunakaa kwenye benchi kusubiri risiti.

Mimi ni muuguzi, upande wa afya ya akili, huu ni mwaka wa 19. Mtoto mwenyewe ni binti wa marehemu kaka yangu. Amelelewa na bibi yake Tukuyu, kwenye migomba na mvua isiyokatika. Amesoma CBG, na matokeo yalipotoka alikuwa na B ya Jiografia, C ya Biolojia na D ya Kemia. B ni pointi 4, C ni 3, na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwa kawaida wanataka masomo mawili yenye jumla ya pointi zisizopungua 4. Kwa hiyo chuo angepata. Shida ilikuwa aende akasome nini.

Yeye alishaamua: saikolojia. Na sababu yake naijua. Babu yake, kabla hajafariki, alifika mahali akawa anamwita mjukuu kwa jina la dada yake aliyekufa zamani, na usiku anafungua mlango kwenda kutafuta ng'ombe waliouzwa miaka mingi nyuma. Majirani walisema mzee kachezewa. Mtoto alikuwa kidato cha pili, analala chumba cha pili, na ndiye aliyekuwa akisikia komeo likivutwa anaamka, anamshika mkono, anamwambia, "Babu, ng'ombe wameshafungwa, turudi." Tangu hapo anauliza inakuwaje mtu apoteze ya jana abaki na ya utotoni. Hilo swali hakulipata kwenye simu. Alilipata mlangoni, gizani, kwenye baridi ya Tukuyu.

Sasa mtoto wa namna hiyo nikampeleka steshenari ya kwanza. Sitaitaja. Kijana wa pale, bila hata kuinua macho, akauliza, "Saikolojia ya BA au ya BSc?" Tukatazamana. Akatusaidia: "BSc ndiyo ina soko. BA ni ya waliokosa hesabu. Ila kwa hii D ya Kemia, tumweke BA tu." Dakika 6 tukawa tumemaliza. Shilingi 10,000 ya kujaza, 5,000 ya ushauri.

Siku mbili baadaye tukataka kubadilisha chaguo, ndipo tukagundua kwamba akaunti ameifungua kwa namba yake na barua pepe yake mwenyewe, na nywila anayo yeye. Yeye kasafiri. Nilimpigia mara 4. Kwa anayejua utaratibu, hili si dogo: tangu 2017 mwombaji anaomba moja kwa moja chuoni, na akichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja lazima athibitishe kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa. Ikienda kwenye simu ya mtu mwingine, mtoto anaweza kukaa nyumbani mwaka mzima. Tuliandika barua chuoni, wakatusaidia kufungua upya.

Lakini kilichoniuma zaidi ni lile neno "waliokosa". Niliona uso wa mtoto ulivyobadilika. Na sikuweza kumjibu yule kijana, kwa sababu tofauti yenyewe nilikuwa siijui. Miaka yote hii nafanya kazi na wanasaikolojia, tunapokea wagonjwa pamoja, na sijawahi hata siku moja kumuuliza yeyote kati yao cheti chake kimeandikwa herufi gani.

Mwenzangu wa zamu ndiye aliyeniambia habari za Mwalimu. Ni mama mstaafu, alifundisha sekondari muda mrefu na alikuwa mwalimu wa malezi na unasihi. Sasa ana meza yake ghorofani Kabwe, chumba kimoja na fundi cherehani. Hana bango. Unapanda ngazi, unafuata mlio wa cherehani. Bei ni 15,000 kwa kikao kimoja, kuchapa karatasi kukiwa humo humo, na haangalii saa. Sisi tulikaa saa mbili na nusu.

Ilikuwa asubuhi ya baridi ile ya Mbeya ya mwezi wa saba, mlima Loleza hauonekani kwa ukungu, sisi wote na makoti. Alitumiminia chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake, akamuuliza mtoto anatoka wapi. Kusikia Tukuyu, akamwamkia kwa Kinyakyusa: "Ugonile, mwanangu!" Mtoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu tutoke nyumbani. Kompyuta ilikuwa imefunikwa kitambaa, na ikabaki imefunikwa kwa nusu saa nzima.

Swali lake la kwanza lilikuwa: "Ukishamaliza hicho chuo, asubuhi ukiamka unakwenda wapi? Hospitali? Shuleni? Ofisini? Vijijini na makaratasi ya utafiti?" Mtoto akasema hospitali, halafu akaanza kumhadithia ya babu yake. Mwalimu hakumkatiza. Alipomaliza akamuuliza, "Unataka kumpa dawa mtu kama babu, au unataka kumpima na kujua kilichopungua?"

Hapo nikaingilia, maana ni jambo ninaloliona kila wiki. Watu wanachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili kwanza anasoma udaktari wa binadamu, miaka 5 na mwaka wa mafunzo kazini, ndipo anabobea. Huyo ndiye anayeandika dawa. Mwanasaikolojia haandiki dawa. Anapima kumbukumbu, hisia na tabia, anazungumza na mgonjwa kwa utaratibu aliofundishwa, anakaa na familia. Hakuna shahada ya saikolojia, iwe BA au BSc, inayokufanya daktari. Mtoto alikuwa hajui, na kwa kweli nilitakiwa nimwambie mimi shangazi yake kabla hatujapanda ngazi za mtu.

Basi Mwalimu akafunua kompyuta, akachapa karatasi. Siyo fomu. Orodha ya masomo, mwaka kwa mwaka, ya programu mbili za saikolojia: moja ya sanaa, moja ya sayansi, vyuo viwili tofauti. Akaziweka sambamba mbele ya mtoto, juu yake rula moja, kalamu nyekundu, kalamu ya kijani. "Penye takwimu, vipimo au mbinu za utafiti, piga mstari mwekundu. Penye ubongo, neva au mwili, kijani. Penye fildi, yaani mafunzo ya vitendo, zungushia."

Mtoto akainama. Fundi anashona, mimi nakunywa chai, yeye anavuta rula kutoka mstari hadi mstari. Alipomaliza akahesabu kwa kidole, akarudia kuhesabu. Ile ya sanaa: nyekundu 5, kijani 3, fildi 2. Ile ya sayansi: nyekundu 3, kijani 4, fildi 1, na karibu mwaka mzima wa kwanza ni Kemia, Fizikia na Hesabu anazosoma pamoja na watu wa kozi nyingine.

"Shangazi," akasema taratibu, "hii ya sanaa ina takwimu nyingi kuliko ya sayansi."

Ningeweza kulipa zile 15,000 kwa ajili ya sentensi hiyo peke yake. Mwalimu lakini hakumwachia aondoke nayo. "Usije ukawaambia wenzako kwamba BA ina takwimu nyingi. Sema hii BA, ya chuo hiki, kwa orodha hii." Akachomoa kwenye faili karatasi za vyuo vingine viwili, na huko ilikuwa kinyume: BA yenye somo moja tu la takwimu, mengine sosholojia, falsafa, maendeleo ya jamii, BSc imejaa maabara na uchambuzi wa data.

Ndipo akaeleza kwa nini iko hivyo, na sehemu hii naiandika kwa kirefu kidogo kwa sababu ndiyo wazazi hatuambiwi. Saikolojia ilizaliwa katikati ya nyumba mbili. Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara ya kwanza ya somo hili mjini Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, alisomea udaktari, lakini pale Leipzig alikuwa ameajiriwa kufundisha falsafa. Mpaka leo kila chuo kinalilaza somo hili kwenye nyumba kinayotaka. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina saikolojia ya elimu ndani ya Shule Kuu ya Elimu, pamoja na mitaala. Kwingine iko na sayansi za jamii, kwingine na afya. Herufi za cheti mara nyingi zinakwambia somo limelala nyumba gani tu. Kina chake huwezi kukijua mpaka ufungue orodha.

Mtoto alikuwa ameona tangazo la ufadhili wa nje, akauliza huko ikoje. Mwalimu akamjibu kwa mifano. Marekani, vyuo vingi vinavyotoa zote mbili vinamtaka wa BA asome na lugha ya kigeni na masomo mengi ya nje ya fani, na wa BSc aongeze hesabu na sayansi. Lakini kwa kawaida mtu haruhusiwi kujiita mwanasaikolojia mwenye leseni mpaka afike udaktari wa falsafa au wa saikolojia, kwa hiyo shahada ya kwanza, ya herufi zozote, ni ngazi ya chini tu. Uingereza wanachotazama ni kama programu imetambuliwa na chama chao cha wanasaikolojia, BPS. Na Oxford, ambako saikolojia yao inaitwa kabisa "ya majaribio", wanaokaa maabara, cheti wanachopewa ni BA. Nilimwona mtoto akinyanyua kichwa. Lile neno la steshenari ya kwanza lilikuwa limetoka mwilini mwake.

Na akirudi na shahada ya nje, lazima TCU waitambue. Hilo pia alilisema, na akamwandikisha kwenye daftari.

Niseme neno langu mimi kama muuguzi, maana pale mezani nililisema na Mwalimu akaniomba nilirudie. Tuna dodoso tunalolitumia kupima sonona, linaitwa PHQ-9. Maswali 9, kila swali alama 0 hadi 3, jumla kubwa kabisa 27. Kuna maswali ya usingizi, ya uchovu, ya hamu ya kula. Sasa anakuja mama mkulima wa mpunga, msimu wa palizi. Amechoka, halali, chakula hakipandi. Alama zinakwenda juu. Mtu aliyefundishwa vipimo sawasawa atajiuliza: hizi alama ni za ugonjwa au za shamba? Hili dodoso lilipotafsiriwa, lilijaribiwa kwa watu gani? Asiyefundishwa atasoma namba na kufunga faili. Ndiyo maana nyekundu zile 5 kwangu ni nzito kuliko herufi yoyote.

Lakini mama yule yule, ukimuuliza kwa kinywa, hakwambii "nina huzuni". Anakwambia "nawaza sana". Anakwambia "moyo unakwenda mbio nikikumbuka". Anakaa kimya mbele ya mume wake, na mume akitoka kwenda kununua maji ndipo anaanza kusema. Kusikia kule kunataka mtu aliyesoma jamii, lugha, mila, familia. Usikivu huo haupimiki kwa rula. Nimewaona vijana wenye vyeti vizuri vya takwimu wakimkatiza mgonjwa kwa sababu swali la 4 bado halijajibiwa. Kwa hiyo nilimwambia mtoto wa kaka yangu: ukienda upande wa sanaa, usikimbie namba, ukienda upande wa sayansi, usikimbie watu.

Kuhusu kombi, yaani mchepuo wa masomo ya kidato cha sita, Mwalimu alikwenda haraka na mimi nakwenda haraka. Kwenye mwongozo wa udahili wa TCU kuna safu ya sifa za kujiunga, isome mstari kwa mstari. Kwa kawaida programu ya sayansi inataka masomo ya sayansi, kwa hiyo wa PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na CBG (Kemia, Biolojia, Jiografia) anaweza kugonga milango yote miwili, wa HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza) au HKL (Historia, Kiswahili, Kiingereza) atagonga ule wa sanaa. Wazazi wa watoto wa HGL msikate tamaa. Rudini kwenye kalamu nyekundu.

Pia alitutahadharisha kuhusu hatua ya mbele. Anayetaka saikolojia tiba, kama huyu wetu, shahada ya kwanza haitamfikisha. Muhimbili, pale MUHAS, chuo kikuu cha afya, wana shahada ya uzamili ya fani hiyo. Ushauri wake ulikuwa mzuri sana: kabla hujachagua shahada ya kwanza, soma sifa za kuingilia ile ya pili, ujue wanataka nini, halafu rudi nyuma.

Sasa mapungufu, maana nimelipa na nina haki ya kuyasema. Mwalimu anazungumza kana kwamba kila mtoto atafika uzamili. Nilimuuliza, "Wa kwetu hana baba, bibi anauza ndizi na parachichi. Akiishia shahada ya kwanza, je?" Majibu yakawa mafupi: mashirika ya watoto na vijana, ofisi za rasilimali watu, kukusanya data za utafiti, na kwamba ile saikolojia iliyo ndani ya shahada ya ualimu inamwachia na mlango wa kufundisha. Ni majibu ya kweli, ila nilitegemea akae hapo muda mrefu kama alivyokaa Leipzig. Kwa familia nyingi za huku, hilo ndilo swali lenyewe. Mambo ya mkopo hashughuliki nayo kabisa, anakwambia wazi uende kwa wanaojua. Printa ni moja na ilikwama mara mbili. Na wanaosubiri wanasimama kwenye korido yenye upepo. Mzee mmoja kutoka Chunya alikuwa amesimama pale tangu saa mbili asubuhi, ningependa angalau pawe na benchi.

Vaeni nguo nzito. Mje na matokeo yaliyochapwa, na mtoto mwenyewe awepo. Mzazi akija peke yake Mwalimu hampokei, anamrudisha. Jumamosi panajaa, sisi tulikwenda Jumanne. Anayetoka Tukuyu au Kyela ashuke Uyole, apande daladala ya Kabwe, hana haja ya kufika mjini.

Tulichoamua: chaguo la kwanza ile BA yenye mistari 5 myekundu na fildi mbili, moja ikiwa hospitali. La pili ile BSc ya faili la Mwalimu, yenye maabara nyingi. La tatu ualimu katika saikolojia, na hilo niliomba mimi, kwa ajili ya lile swali langu la bibi na ndizi. Mtoto alikubali bila kununa.

Wakati wa kujaza, Mwalimu alisukuma kibao cha kompyuta hadi mbele ya mtoto, akageuzia kiti chake dirishani ili asione nywila. Mtoto akaandika barua pepe yake, namba yake ya simu, akainakili nywila nyuma ya daftari lake kwa mwandiko wake. Nilipokuwa bado natafuta hela kwenye mkoba, simu yake ikalia. Chuo kilikuwa kimepokea maombi. Akainyosha simu nisome, kisha akazikunja zile karatasi zenye mistari myekundu na ya kijani, akaziingiza ndani ya koti.

"Ndaga fijo, Mwalimu," akamshukuru kwa Kinyakyusa, na tukashuka ngazi.